Ngeli za Asiyekunywa Maziwa

Samaki wa Ziwa Nyasa wameainishwa. Mbu wameainishwa, mpaka anayeuma mchana ametengwa na anayeuma usiku. Kanga zina wataalamu wake, na bahari za ushairi zimegawanywa mpaka wanafunzi wakaomba wapumzike. Lakini mtu aliyeacha nyama, akaishi kwa amani na mtindi wake na samli yake, kisha siku moja akaacha na maziwa, huyo hadi leo hana rafu katika maktaba yoyote. Nyumbani anaitwa "yule mwenye masharti," basi. Makala hii inakusudia kuziba pengo hilo kitaalamu, yaani itatumia vichwa vizito, itabishana na wasiokuwepo, na haitamfurahisha yeyote aliyetajwa ndani yake.

Kuhusu mbinu

Tatizo la kwanza la mwainishaji ni kigezo. Linnaeus, yule Mswidi aliyewapanga viumbe wote, mwaka 1758 alituweka sisi pamoja na popo, nyangumi na ng'ombe kwa kigezo cha kunyonyesha. Kwa mizani yake, maziwa ndiyo yanayotufanya tuwe sisi. Kigezo hicho hakiwezi kutumika hapa, kwa kuwa mtu wetu ameshajitoa, na Linnaeus hakuacha fomu ya kujitoa.

Tumeamua kutumia ngeli. Hakuna mfumo wa uainishaji uliowatoa jasho watoto wengi wa Afrika Mashariki kuliko huo, na jasho lile haliwezi kuwa lilikwenda bure. Bleek na Meinhof, Wajerumani waliozipa namba ngeli za lugha za Kibantu, hawakuwa na mbaazi akilini. Hasara ni yao. Nadharia yetu ni kwamba anayetaka kula vizuri bila nyama wala maziwa hana haja ya kitabu cha mapishi kutoka ng'ambo. Anahitaji sarufi ya darasa la sita na sufuria. Shida yake iko kwenye kikombe, na tutafika huko.

Ngeli ya A-WA

Ngeli hii ni ya viumbe hai, na ndani yake wamo walioacha wenyewe. Wana makundi manne, ingawa la nne linayazidi yale matatu yakijumlishwa.

La kwanza ni la walioachishwa na tumbo. Mtoto huzaliwa na kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa, na kwa takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani kimeng'enya hicho hupungua baada ya utoto. Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha mwaka 2007 matokeo ya vipimo vya watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonyesha kwamba wafugaji wa huku wana mabadiliko yao wenyewe ya jeni yanayowawezesha kunywa maziwa ukubwani, tofauti kabisa na yale ya watu wa Ulaya ya Kaskazini. Mmaasai mwenye kibuyu na Mfini mwenye glasi wamefika mahali pamoja kwa barabara mbili. Asiyepita barabara yoyote kati ya hizo ana gesi. Tahadhari moja kwa mwainishaji: watu wa kundi hili ni wahamiaji wa msimu. Mtindi una sukari hiyo kidogo kuliko maziwa mabichi kwa sababu bakteria wamekwisha kula sehemu yake, na samli karibu haina kabisa, kwa hiyo utawakuta wamerudi kimyakimya, wamekaa karibu na bakuli la mtindi, wakisema huu hauna neno.

La pili ni la wenye hoja. Mzee wao ni Abu al-Ala al-Maarri, mshairi kipofu wa Sham aliyezaliwa mwaka 973, ambaye aliacha nyama, mayai, maziwa na hata asali. Watu wa kundi hili huulizwa maswali, na Al-Maarri aliulizwa na mtu mzito kuliko shemeji yako. Al-Muayyad al-Shirazi, mkuu wa wahubiri wa dola ya Fatimiya kule Cairo, alimwandikia barua kutaka maelezo. Wakajibizana. Mshairi akaeleza huruma yake kwa wanyama, akaongeza kwamba hata hivyo kipato chake ni kidogo. Muulizaji akajitolea kumfanyia mpango wa chakula bora zaidi. Mshairi akakataa. Ukisoma mabishano hayo leo unaona kwamba mazungumzo ya mezani kwenye harusi yalikwisha kukamilika karibu miaka elfu moja iliyopita: swali, hoja, kisingizio cha pesa, na sahani inayoletwa hata hivyo.

Huko Uingereza, Donald Watson na wenzake wachache walijitenga na walaji mboga wenzao mnamo Novemba 1944, baada ya chama cha awali kukataa kuwatengea wasiotumia maziwa sehemu yao katika jarida lake. Vita vilikuwa vinaendelea na maziwa yalikuwa ya mgao, kwa hiyo saa ya kuyakataa waliichagua vizuri. Watson alifariki mwaka 2005 akiwa na miaka 95, jambo ambalo wafuasi wake hulitaja bila kuulizwa.

Kundi la tatu ni la wenye imani, na hapa mtaalamu anatembea kwa adabu. Wapo Wasabato wasiokula nyama, wapo Marasta. Zipo familia za Kihindu na za Kijaini, kuanzia Kisutu hadi Ngara, ambazo vizazi na vizazi havijaonja samaki. Mjaini mwenye kushika dini hali kitunguu, wala kitunguu saumu, wala kiazi, kwa sababu kung'oa kilicho ardhini ni kuua mmea mzima na vijidudu vilivyo pale. Lakini samli kwake ni halali na mtindi ni wa kila siku. Kijana wa nyumba hiyo akitangaza kwamba ameacha na maziwa, amegusa msingi. Bibi yake atamwangalia kama aliyetangaza kuacha maji. Na ubaya ni kwamba kijana anatumia hoja ya bibi mwenyewe, ile ya kutodhuru kiumbe, kwa hiyo bibi hana la kumjibu zaidi ya kumwongezea dengu.

Walimu halisi wa taaluma hii, hata hivyo, wako Ethiopia. Wakristo wa Kanisa la Othodoksi huko hufunga kila Jumatano na Ijumaa, na siku 55 kabla ya Pasaka, na mifungo mingine, hata muumini wa kawaida akafikisha kiasi cha siku 180 kwa mwaka bila nyama, maziwa wala mayai. Nusu ya mwaka! Na hawali kwa huzuni. Siagi yao yenye viungo huwekwa kando, mafuta ya mbegu yanachukua zamu, na juu ya injera huja unga wa dengu uliopikwa mzito, dengu nyekundu zenye pilipili, majani yaliyokaangwa, karoti, kabichi, viazi. Katika mkahawa wa Kiethiopia, uwe Nairobi au Dar es Salaam, huulizwi kwa nini. Ukisema unataka chakula cha mfungo, mhudumu anaandika na kuondoka. Mtafiti anakiri kwamba tukio hilo la kutoulizwa lilimkosesha data.

Kundi la nne ni Waacha-Isipokuwa. Huyu ameacha maziwa isipokuwa ya chai. Isipokuwa jibini ya kwenye piza, kwa maelezo kwamba ile ni piza. Isipokuwa aiskrimu, akiwa na watoto. Na asipokuwa na watoto, kwa kuwakumbuka. Tulijaribu kulipa kundi hili mipaka, tukashindwa, kwa kuwa kila mtu tuliyemhoji alisema yumo katika kundi la pili.

Ngeli ya PA-KU-MU

Hii ndiyo ngeli ya mahali, na bila kuielewa mtu wetu atakunywa maziwa kila siku huku akidhani ameacha. Sarufi inatufundisha hali tatu, nazo zinatosha.

Pana maziwa: yako wazi, pale, unayaona. Glasi, bakuli la mtindi, kipande cha siagi. Hapa hakuna fumbo na hatupotezi wino.

Kuna maziwa: huyaoni, lakini dalili zipo eneo zima. Umealikwa. Kuna biriani, nayo hata ikiwa ya mboga, sosi yake imeundwa kwa mtindi. Kuna pilau iliyong'arishwa kwa samli. Kuna chapati, ambazo mpishi mmoja hutumia mafuta na mwingine hutumia samli na kukanda kwa maziwa, na zote mbili zina rangi ile ile. Kuna naan, ambayo kwa kawaida hukandwa kwa mtindi. Kuna dengu zilizopikwa bila hatia, kisha dakika ya mwisho zikamwagiwa kijiko cha samli yenye bizari nzima, kwa upendo. Kuna halua, na halua ya Zanzibar bila samli ni jambo ambalo nimelionja na nisingependa kulizungumza. Katika hali hii kinga ni moja, kumjua mpishi na kumuuliza mapema, kabla ya shughuli, akiwa bado hajachoka. Ukimuuliza sahani ikiwa mkononi atakujibu "hamna kitu," naye hasemi uongo. Kwake samli kweli si kitu, ni ladha.

Mna maziwa: yamo ndani, yamejificha, na anayekuambia ni karatasi. Biskuti za kawaida, mikate mingi ya dukani, baadhi ya majarini, chipsi za pakiti zenye ladha ya jibini au hata ya kitunguu. Hapa mtafiti anatakiwa kuvaa miwani na kusimama njiani mwa watu katika supamaketi, akitafuta maneno wei, kazeini na laktosi, ambayo yote ni maziwa yaliyobadilisha jina. Kielelezo kikubwa kuliko vyote ni ile krimu ya unga ya kutilia kahawa, inayotangaza mbele ya kopo kwamba si ya maziwa, na nyuma yake, kwa herufi za ukubwa wa chawa, inaorodhesha kazeinati ya sodiamu, ambayo ni protini ya maziwa. Mbele pana ahadi, nyuma mna maziwa.

Ngeli ya LI-YA

Tui liko hapa, na maziwa yako hapa, na kukaa kwao nyumba moja kumewapotosha wengi.

Mwanapwani akisikia mtu ameacha maziwa ya ng'ombe hushangaa kidogo tu, kwa sababu jiko lake halikuwa likiyategemea. Nazi kavu inavunjwa, inakunwa kwenye mbuzi, inatiwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa kwenye kifumbu. Mkamuo wa kwanza ni tui zito, kasimile, nalo linawekwa pembeni kama mgeni wa heshima. Wa pili ni jepesi, na ndilo linalopikia. Mwenye subira hupata wa tatu. Maharage, mbaazi au muhogo huchemka na tui jepesi mpaka vilainike, kisha zito linaingia mwishoni, moto ukiwa mdogo na mwiko ukizunguka bila kusimama, lisije likakatika. Anayelitia zito mwanzoni na kwenda kuangalia simu hutambulika kwa mchuzi wake wenye mabonge na mafuta yaliyoelea. Kwa mbinu hiyo moja kuna wali wa nazi, mbaazi na mahamri, futari ya magimbi, kisamvu, mkate wa kumimina, vitumbua, makande, na sijataja bokoboko kwa sababu lina nyama. Hakuna sahani hapo inayomlilia ng'ombe.

Sasa habari mbaya, na ni lazima isemwe na mtu anayependa tui. Tui linachukua nafasi ya maziwa mdomoni, mwilini halifiki. Protini yake ni chache, kalsiamu yake ni kidogo mno, na mafuta yake ni mengi na ya aina ambayo moyo haulilii. Aliyeacha maziwa akajiona amefidia kwa kuongeza nazi amefidia raha, jambo jema, lakini mifupa inasubiri kwenye foleni nyingine.

Jamaa wengine wa ngeli hii ni maziwa ya boksi: ya soya, ya lozi, ya shayiri. Ya soya ndiyo pekee yanayokaribia ya ng'ombe kwa protini, na yakiwa yameongezewa kalsiamu ni mbadala wa kweli. Soma boksi na ulitikise, kalsiamu hutuama chini. Ya lozi, kwa sehemu kubwa, ni maji yaliyosoma. Bei zake ni za mtu asiyeuliza bei. Jambo la kupendeza kitaalamu ni kwamba baadhi ya maboksi ya namna hiyo yamefanywa mazito kwa karajinani, inayotokana na mwani mwekundu, na mwani wa namna hiyo umelimwa kibiashara Paje na Jambiani tangu mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake wanaoingia maji yakitoka. Inawezekana kabisa mtu wa Unguja akanunua boksi lililosafiri nusu ya dunia ili kunywa kilichoanikwa mbele ya nyumba ya shangazi yake. Badala yake aloweke korosho za Mtwara usiku, azisage asubuhi na maji safi. Zitampa krimu ya kuungia mchuzi ambayo sijaona boksi linaloifikia.

Ngeli ya I-ZI

Mbaazi, kunde, choroko, dengu, fiwi, njugu mawe, karanga, korosho. Msomaji azitamke kwa sauti. Zote ni I-ZI. Protini imejipanga katika ngeli moja kama wanafunzi asubuhi. Maharage ndiyo yaliyokwenda YA, na sababu hatuijui, wala hayakuomba ruhusa. Nyama nayo, kwa hila ambayo wanasarufi hawajaikemea, imejipenyeza I-ZI ili ionekane ni ndugu wa choroko, hali kuku na samaki wamebaki A-WA kwa uaminifu.

Swali wanaloulizwa wote wa ngeli ya A-WA, kuanzia kundi la kwanza hadi la nne, ni hili: protini unapata wapi? Linaulizwa na mtu ambaye mchana amekula chipsi. Mwaka 1971 Frances Moore Lappé, Mmarekani, alichapisha kitabu kilichowafanya watu wahesabu, sahani kwa sahani, nafaka gani iende na kunde gani, kwa sababu kinachopungua katika mahindi kinapatikana katika maharage na kinyume chake. Katika toleo la 1981 alilegeza kamba: si lazima vikutane katika mlo mmoja, ilimradi siku nzima ule vya kutosha na vya aina mbalimbali. Wapika githeri na makande hawakuwa wamesubiri toleo lolote. Kwa mama lishe yeyote wa Dar es Salaam sahani ya wali, maharage, mchicha na kachumbari ni mlo kamili usio na nyama wala tone la maziwa, na anayeila ni fundi ujenzi anayekwenda kubeba zege, hajui kwamba amejiunga na harakati.

Mseto wa choroko na wali unastahili sura nzima. Hautaipata, kwa sababu mhariri ametoa maneno yenye kikomo, lakini mwandishi anatamka wazi kwamba ni chakula cha jioni kilichodharauliwa kuliko vyote pwani, na kwamba kwa tui zito na kachumbari ya embe bichi hakina mpinzani.

Mmea wenyewe, yaani mchicha, mlenda, mnavu na mronge, umo U-I. Madini ya chuma yamo katika majani hayo na katika kunde, lakini chuma cha mimea ni cha mwendo wa taratibu. Limau au chungwa kwenye mlo hukisukuma, na chai inayonywewa papo hapo na chakula hukizuia. Wapenda chai wasubiri kidogo. Najua hawatasubiri.

Kanuni ya U

Hapa utafiti ulituzidi kimo. Glasi ya maziwa ya ng'ombe ina kalsiamu ya miligramu 300 hivi, na mtu mzima anashauriwa kupata kama 1,000 kwa siku, ingawa Uingereza inaridhika na 700. Tulipokwenda sokoni kutafuta mbadala, waliojitokeza mbele walikuwa ulezi, ufuta na ubuyu. Ngeli moja! Gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300, ilhali mahindi yale tunayoyala mchana na usiku hayafiki kwa kawaida hata 10. Ufuta wenye maganda yake unakaribia 1,000, ingawa sehemu ya hizo imefungwa kwenye maganda yenyewe na mwili hauipati yote. Ubuyu, unga wake wenyewe, mara nyingi huzunguka 300. Na chombo cha kuchukulia ulezi ni uji au ugali, navyo pia ni U. Tumeiita Kanuni ya U: mifupa hukaa kwenye ngeli ya U.

Wapinzani hawakukawia. Mombasa wanasema mabuyu, tena wanayala yamepakwa sukari na rangi nyekundu, na hivyo wameharibu sarufi na meno kwa mkupuo mmoja. Pigo kubwa zaidi lilitoka kwa sukuma wiki, isiyo ya U kwa hesabu yoyote, ambayo kalsiamu yake mwili huifyonza vizuri hata kuliko ya maziwa. Mchicha na spinachi vina kalsiamu nyingi kwenye majedwali, lakini ina pingu za asidi ya oksaliki. Kwa spinachi mwili hupata kama asilimia 5 tu. Kwa hiyo mwenye kujaza sahani mchicha peke yake kwa ajili ya mifupa anahesabu pesa zilizo benki ya mtu mwingine. Abadilishe: leo sukuma, kesho mchicha, asubuhi uji wa ulezi wenye kijiko cha ufuta uliosagwa. Upungufu, udhaifu na ukaidi navyo ni vya ngeli hii, tumeviorodhesha kwa uaminifu wa kitaalamu.

Ngeli ya KI-VI

Ngeli hii ina kitu kimoja ambacho kwacho mzaha unapungua. Ni kidonge.

Vitamini B12 haitengenezwi na mimea. Hutengenezwa na bakteria, nasi huipata kupitia wanyama. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, kiasi kisichoonekana kwa macho. Ilipatikana ikiwa safi kwa mara ya kwanza mwaka 1948, yaani Watson na wenzake waliacha maziwa miaka minne kabla ya yeyote kujua hasa walikuwa wanaacha nini ndani yake. Umbo lake lilifumbuliwa na Dorothy Hodgkin mwaka 1956, na kazi hiyo ilichangia kumpa Tuzo ya Nobel mwaka 1964. Tangu hapo hakuna udhuru.

Ujanja wa vitamini hii ni kwamba ini huiweka akiba ya miaka. Aliyeacha nyama zamani alikuwa bado akiipata kidogokidogo kwenye mtindi na chai ya maziwa. Akiacha na hayo, bomba la mwisho limefungwa, na yeye hajisikii lolote. Mwaka wa kwanza anang'aa na kutoa ushauri. Baadaye huja uchovu, ganzi za vidole na nyayo, damu kupungua, na mishipa ya fahamu ikishaumia muda mrefu huenda isirudi kama ilivyokuwa. Kwa mjamzito na anayenyonyesha, anayelipa ni mtoto. Utaambiwa kwamba mwani unayo, kwamba uyoga unayo, kwamba mboga isiyooshwa sana inayo. Usiutegemeze mwili wako kwenye "utaambiwa." Mla mayai anapata kiasi, na suala la yai tunaliachia kitivo kingine. Wengine wote wameze kidonge, au watumie vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo, na wamweleze daktari wazi kwamba hawali nyama wala maziwa ili wakipimwa apime kinachohusika. Kidonge si kushindwa. Chumvi yetu nayo imetiwa madini ya joto na hakuna anayeona haya kuila.

Cha pili katika ngeli hii ni kikombe, na hapo tunaingia kwenye ngeli ya mwisho.

Ngeli ya KU

Kula ni rahisi. Kukataa ndiko kazi. Mtu anaweza kupitisha mwaka mzima jikoni kwake bila kuwaza maziwa, kisha akaangushwa na ziara ya dakika ishirini, maana chai katika nyumba nyingi za Kenya huchemshwa na maziwa humo humo sufuriani, na Tanzania chai ya maziwa ndiyo heshima ya mgeni; ya rangi ni ya siku ambazo mambo hayajakaa sawa. Kuikataa ya maziwa ni kumwambia mwenyeji kwamba umeona anajikaza.

Tumepima visingizio vinavyotumika. "Nimefunga" kinakubalika bila swali, hasa Jumatatu na Alhamisi, ila kinakunyima na kashata. "Daktari amenikataza" hufanya kazi papo hapo, lakini kabla ya magharibi mtaa mzima utakuwa unajua una vidonda vya tumbo, na kesho yake italetwa mizizi. "Namhurumia ndama" kinafungua mjadala utakaofika isha, na wajomba watajiunga. Kinachofaulu kuliko vyote ni kile kisichotaja kukataa kabisa: kuomba unachotaka kabla hujapewa usichotaka, nacho kina kanuni ya muda, kwani lazima kitamkwe baada ya salamu na kabla sufuria haijapanda jikoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa hapo. Chai inakuja."

"Shangazi, leo nina hamu na ile ya rangi ya kwako, ya tangawizi na hiliki. Hakuna anayeipika kama wewe."

Shangazi ananyamaza kidogo, anatabasamu, anairudisha pakiti ya maziwa kwenye friji. Tangawizi inatwangwa. Kikombe kinaletwa, cheusi, kinatoa moshi, na pembeni kibakuli na kijiko.

"Na sukari," anauliza, "au hiyo nayo umeshaiacha?"